Akiba ya Mshono

Fundi Twahiru hakuwa mtu wa kuvua kastabini. Alikula nayo, alikunywa chai nayo, alipokea simu nayo, na ukimuuliza jambo aliigonga kwanza kwenye chuma cha cherehani, ko, ko, kana kwamba jibu limelala humo ndani na ni lazima libishiwe hodi. Aliivua kwa ajili ya udhu tu. Swala ikiisha, kabla hajavaa viatu, kidole chake cha kati kilikuwa kimekwisha kurudi ndani ya kofia yake ndogo ya chuma.

"Marehemu mama Mahoro alikuwa anasema mimi iko na wake wawili," alipenda kusema. "Na huyu wa chuma ndiye bi mkubwa."

Kayitesi aliusikia utani huo labda mara mia, na kila mara alicheka.

Walifahamiana kwa sababu ya uzi. Miaka kumi na sita iliyopita Kayitesi aliingia katika duka la Twahiru kule Nyamirambo, chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa bluu, akitafuta uzi mwembamba usiokatika. Alikuwa mwalimu wa muziki, ndiyo kwanza amefika Kigali kutoka Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi na yeye akazaliwa na kusoma hadi chuo. Chuoni mwalimu mmoja mgeni, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia obo yake: bomba la mbao nyeusi lililojaa vifunguo vya fedha, ambalo hupulizwa kupitia tete dogo lenye ndimi mbili.

"Uzi wa kushona nini?" Twahiru aliuliza.

"Si wa kushona. Wa kufunga."

"Kufunga nini? Kuku?"

Kayitesi akamtolea tete. Twahiru alilitazama, akaligeuza, kisha bila kuomba ruhusa akalitia mdomoni na kupuliza. Likalia kama kinda la kunguru. Fundi alicheka mpaka akalazimika kukaa.

"Lakini hii ni zumari, Mwalimu! Sasa kwa nini umeizika kwenye sanduku kama maiti?"

Babu yake Twahiru, Nasiri, alipanda kutoka pwani na misafara ya nguo, akaoa huku, na kila harusi ya Waislamu wa mji huu ilimwita yeye na zumari yake. Mdomo wa zumari ile ulikuwa wa jani la mvumo, lililokunjwa na kufungwa kwa uzi juu ya kibomba cha shaba, na Twahiru mdogo ndiye aliyekuwa akililoweka jani shavuni mpaka lilainike. Zumari yenyewe haikuwapo tena. "Ilipotea mwaka ule," alisema, na Kayitesi hakuuliza mwaka gani.

Hivyo ndivyo fundi wa suti na kanzu alivyoanza kutengeneza matete ya obo. Kayitesi alikuwa na shida ya kweli. Matete yaliyotumwa kutoka ng'ambo yalitengenezwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, na Kigali iko juu, hewa yake ni nyepesi. Yalifika makavu, magumu, yakapumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Alichojua yeye kutoka chuoni ni kukwangua ncha kidogo. Kukata na kufunga hakuwahi kufundishwa.

Basi wakajifunza kwa kuharibu. Kayitesi aliagiza mwanzi wa kazi hiyo, vipande vyembamba vya rangi ya asali, na vibomba vidogo vya shaba vilivyovikwa gome laini la kizibo, na kigezo kimoja cha chuma chenye umbo la tete. Twahiru alikunja mwanzi juu ya kigezo, akakata kingo zake kwa wembe, akauvisha juu ya kibomba, akauzungushia uzi akiuvuta kwa meno. Halafu alipasua ncha, na Kayitesi akaenda nayo nyumbani Kagugu kuikwangua. Mwaka wa kwanza yalikufa matete mengi. Mwaka wa pili lilizaliwa moja.

Sauti yake Kayitesi hakuisahau. Ilikuwa pana na nzito, yenye giza la aina ya chai isiyo na maziwa. Katika kikundi chao cha wapigaji kumi na wanne, kilichofanya mazoezi Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, watu waligeuka. Tangu siku hiyo hakupuliza tete la mtu mwingine, na kila alipoulizwa alisema: "La fundi wangu wa Nyamirambo." Twahiru alipopelekewa habari hizo aligonga kastabini, ko, ko, na siku ile alimsindikiza mpaka barabarani akamwitia moto, pikipiki ya abiria, yeye mwenyewe.

Ndiyo sababu ilikuwa vigumu, baadaye, kusema lililopaswa kusemwa.

Kwa desturi, obo ndiyo inayotoa sauti ya kwanza. Kabla ya kuanza, Kayitesi hupuliza noti moja iitwayo la, na wote wengine hulinganisha vyombo vyao na hiyo. Ile la yake ilikuwa chini. Si sana, unywele. Ili kuipandisha alibana tete kwa midomo, na nyuma ya midomo kwa taya. Alifanya hivyo miaka yote akidhani ndivyo obo ilivyo, kwamba ni chombo kinachodai. Lakini katika miaka mitatu ya mwisho unywele ulizidi kuwa mnene. Alimaliza mazoezi akiwa hawezi kutafuna. Asubuhi alifungua kinywa kwa vidole, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari wa meno alimpiga picha, akaitazama muda mrefu.

"Unauma nini hivyo, madamu?"

"Muziki," alijibu.

Daktari hakucheka. Kiungo cha taya kilikuwa kinaliwa. Akiendelea kubana vile, alisema, mwaka hautaisha kabla hajaacha kupuliza kabisa. Kayitesi alitoka akasimama kivulini akisubiri moto, amechoka uchovu usiokuwa wa siku hiyo. Alikuwa na wanafunzi Nyarutarama ambao wazazi wao walitaka wajue piano kama walivyotaka wajue kuogelea. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Kitu kimoja tu katika wiki yake kilikuwa chake, nacho kilikaa kati ya meno yake.

Léonce, mzee mwenye fidla aliyeongoza kikundi, alilisema wazi Jumamosi iliyofuata, kwa namna yake ya upole wa Kifaransa.

"Dada Kayitesi, la yako iko na usingizi leo."

"Samahani, Mzee."

"Samahani ya nini? Wewe ndiye unatupa sauti. Ukilala, tunalala wote." Akashusha nyuzi zake kumfuata. Wakashuka wengine wote, bila kunung'unika, na jambo hilo lilimuumiza kuliko taya.

Alifikiri kosa ni kibomba. Alikuwa amesoma kwamba kibomba kirefu hushusha sauti na kifupi huipandisha, kwa hiyo aliagiza vingine, vifupi kwa milimita moja. Akampelekea Twahiru bila kueleza sana. Fundi alivipanga mezani kando ya vile vya zamani, akavipapasa.

"Hivi vimekatwa miguu."

"Tujaribu tu, Baba."

Matete yaliyotoka humo yalipanda, kweli. La ilikaa karibu na mahali pake. Lakini noti za chini zilitetemeka kama mbuzi mwenye baridi, na noti za juu zilikimbilia huko zisikoitwa, na kati ya noti moja na dada yake wa juu palikuwa na ufa ambao midomo yoyote isingeuziba. Alirudi Nyamirambo na sanduku na uso uliokunjamana.

Twahiru alisikiliza malalamiko mpaka mwisho. Akagonga kastabini.

"Mwalimu, mimi niko fundi wa nguo, muziki najua kidogo. Lakini iko mteja mmoja alikuwa anakuja hapa, suruali inamshuka kila siku. Yeye anasema: fundi, kata miguu, inaburuza chini. Nakata. Inashuka. Kata tena. Mwisho iko kaptula, na bado inashuka! Kwa sababu nini? Kiuno ndiyo pana."

Alicheka, na Kayitesi alicheka pia. Kiuno ndicho kipana. Alikumbuka aliyosoma kwenye kurasa zilezile alizoziruka kwa haraka ya kufikia vibomba: kwamba umbo la mwanzi likiwa pana sauti hushuka na kuwa nene, likiwa jembamba hupanda na kukonda. Lakini kigezo chao kilikuwa kilekile cha chuma. Chuma hakinenepi.

"Baba, nikatie moja nione."

"Hujawahi kuona?"

Alikuwa ameona mikono na uzi, lakini wembe ulipokuwa ukipita hakuwahi kuinama kuutazama. Mtu hamsimamii fundi wake kichwani. Sasa aliinama. Twahiru alikunja mwanzi uliolowa juu ya kigezo, akaukaza, akasema bismillahi, akapitisha wembe kutoka juu hadi chini kwa mkono mmoja mtulivu, mkato mzuri ulionyooka. Wembe haukugusa chuma. Ulipita pembeni yake, na kati ya chuma na ukingo wa mwanzi ulibaki ukanda mwembamba unaong'aa.

"Kwa nini hugusi chuma?"

"Niguse chuma kwa nini?" Alishangaa kweli. "Nguo gani inakatwa juu ya chaki? Hiyo ni akiba ya mshono, Mwalimu. Ukikata palepale penye alama utashona wapi? Mtu akinenepa utafanya nini?"

Nje muuza parachichi alikuwa akijadiliana na mtu juu ya ukomavu wa parachichi. Kayitesi alitamani mjadala ule uwe mrefu.

"Baba," alisema hatimaye, "hapa mshono uko wapi?"

Twahiru alitazama kitu kilichokuwa mkononi mwake. Alikisogeza karibu na uso, karibu zaidi, mpaka kikagusa nyusi. Kidole chenye kastabini kilianza safari ya kwenda kwenye chuma cha cherehani kisha kikarudi bila kugonga.

"Hakuna mshono," alisema.

"Hakuna."

"Miaka kumi na sita."

"Baba, sauti yake ilikuwa nzuri. Watu waligeuka. Ile nene waliyoisifu wote ilitoka humohumo, kwenye akiba yako."

"Na taya?"

Hakuwa amemwambia habari za taya. Labda alikuwa ameona jinsi anavyokunywa chai kwa upande mmoja. Kayitesi alimweleza maneno ya daktari, yote, kwa kuwa kumficha sasa kungekuwa tusi. Alipomaliza, Twahiru aliuweka mwanzi mezani, akasema kwa sauti ndogo kwamba zamani akiba yake ilikuwa unywele. Alikuwa na hakika. Fundi mzuri huacha unywele.

"Hii iko ngapi? Niambie wewe. Mimi naona ukungu."

Ilikuwa nywele tatu, labda nne. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, taratibu, na yeye alikuwa ameacha suti, kisha kanzu, kisha hata kupunguza suruali, akiwaambia wateja kwamba cherehani ni mbovu. Cherehani ilikuwa nzima. Kilichobaki ni matete ya Mwalimu, kazi ambayo alidhani mikono inaiweza peke yake. Kila macho yalivyopungua, mkono uliogopa chuma na kukaa mbali zaidi. Na Kayitesi, kule Kagugu, aliziba pengo hilo kwa kiungo cha taya yake.

"Kwa nini hukusema?" Kayitesi aliuliza.

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Walikaa. Kwa wakati ule hapakuwa na hasira, kulikuwa na ule uchovu wa watu wawili waliobeba kitanda kimoja umbali mrefu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetaka kwenda mbele.

Binti yake Twahiru, Mahoro, alikuwa amemwita kwa miaka miwili ahamie kwake Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye nyumba mpya yenye shamba la maharage, na hospitali ilikuwa imeshampa siku ya kupasuliwa jicho. Twahiru alikuwa akikataa vyote viwili. Sasa aligonga kastabini mara moja, kwa nguvu.

"Nitakwenda. Lakini kwanza lete mwanzi wote ulio nao."

"Baba, huoni."

"Kuona ndiyo kumenidanganya. Lete."

Alileta vipande ishirini na vinne, vyote alivyokuwa navyo. Twahiru aliketi siku tatu dukani, amegeuzia mlango mgongo, macho ameyafumba kabisa. Alikunja mwanzi, akautia kwenye kigezo, na safari hii aliulaza wembe juu ya chuma chenyewe na kuuvuta, na chuma kikalia: krrr, sauti ya kutia meno ganzi. Ilipokatika sauti, alijua amekwenda nje; alirudi. Kayitesi alikaa kando yake akimlowekea vipande kwenye kikombe. Mara mbili alimwona anasitisha wembe karibu na ukingo, mkono mzima ukitaka kuacha kitu, kama mama anayemwachia mgeni chakula sufuriani. Kisha aliubana na kuupeleka penye chuma.

"Inauma," alisema.

"Kidole?"

"Kukata pasipo akiba. Naona kama namnyima mtu."

Siku ya pili alimpa Kayitesi wembe. Hakumfundisha kwa maneno mengi. Alimwambia afumbe macho asikilize chuma, na kila aliposikia kimya alimpiga kidogo kwenye kifundo cha mkono kwa kastabini. "Umetoka barabarani. Rudi. Sasa umelala. Amka, Mwalimu, wanafunzi wako hivi ndivyo unawafundisha?" Aliharibu vitano. Cha sita Twahiru alikipapasa kwa kidole gumba, upande huu na upande huu, akakiweka pamoja na vyake.

Matete mapya hayakuwa na giza lile. Kayitesi alilijua hilo kwa pumzi ya kwanza, na alisikitika kwa namna ambayo asingeweza kumweleza daktari. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, ya mtu aliyetoka ugonjwani. Lakini la ilikaa mahali pake yenyewe. Hakubana. Alipuliza tena, akaziacha taya zikining'inia kama za mtu anayeshangaa, na noti haikuanguka. Jumamosi Léonce aliisikiliza, akapandisha nyuzi zake moja moja. "Tiens," alisema kwa mshangao. "Tumeamka." Baada ya mazoezi mpigaji mmoja wa filimbi aliuliza kama amebadilisha fundi, maana ile sauti ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Kayitesi akasema hapana, fundi ni yuleyule.

Twahiru alihamia Masaka mwezi wa tano. Jicho moja lilipasuliwa vizuri; la pili halikufikiwa. Moyo, ambao haukuwa umelalamika hata siku moja, ulianza kulalamika. Kayitesi alikwenda kumwona mara nne, kwa moto, akipita kwenye vumbi la nyumba zinazojengwa, na kila mara alimkuta kwenye kiti cha plastiki ukutani, amefunikwa kitenge cha bintiye.

Mara ya nne alichukua tete alilolifanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho: kukata, kuvisha, kufunga, kukwangua. Mahoro alimpokea, akawaletea chai, akarudi kwenye maharage yake. Twahiru alilishika tete kwenye mwanga akitumia lile jicho jipya ambalo bado lilimchosha. Alipapasa uzi. Alisema umefungwa kama mzigo wa kuni, lakini hautafunguka. Alilipuliza, likalia kama kunguru, naye akatabasamu kidogo, pumzi imemwishia.

"Sasa piga na chombo chake," alisema.

Alipiga, pale uani, noti ndefu moja na nyingine chache zilizofuata. Si wimbo. Kuku waliondoka kwanza, kisha wakarudi. Twahiru hakuwa anamtazama vidole. Alikuwa anamtazama taya. Alipomaliza, mzee aliinua mkono akagusa shavu lake mwenyewe, chini ya sikio.

"Hapa. Inauma bado?"

"Hapana, Baba."

"Sema kweli. Mimi iko na jicho moja sasa."

Kayitesi alicheka. "Nikipuliza haiumi kabisa. Wallahi. Asubuhi tu, nikiamka, inauma kidogo."

Twahiru aliliwaza jambo hilo. Lilimchukua muda mrefu, kichwa kimeegemea ukuta, hata Kayitesi akadhani amesinzia, akaanza kulifuta tete na kulirudisha kwenye kasha lake.

"Basi hiyo ya asubuhi si yangu," alisema. "Hiyo ni umri tu, mwanangu."